Trela ya Kutisha Mbele ya Benchi la Kibanda

Kabla ya kuingia kwenye kibanda cha video Kibera au Kawangware, mtu husoma ubao. Ni ubao mweusi wenye maandishi ya chaki, umeegemezwa kwenye mabati kando ya mlango: mechi ni saa ngapi, muvi ni gani, kiingilio ni pesa ngapi. Mara nyingi ni shilingi 20, pengine 10 kwa muvi ya mchana. Ndani kuna giza, pazia zito mlangoni, mabenchi yasiyo na migongo, televisheni iliyofungiwa ndani ya wavu wa chuma asije mtu akaondoka nayo, na spika mbili kubwa kuliko haja ya chumba. Humo ndimo wakazi wengi wa Nairobi walimojifunza kutazama filamu, na humo humo wakajifunza kuihukumu kwa sauti, papo hapo, bila kuombwa na mtu.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanawahusu vijana wanaoitafuta hukumu hiyo. Ni wanafunzi wa filamu waliopewa kazi inayofahamika sasa katika madarasa mengi duniani: tengenezeni filamu fupi ya kutisha, au angalau trela yake ya dakika mbili, choreni bango, halafu nendeni kwa watu mkaulize wameionaje. Kazi mbili za kwanza huwakosesha usingizi. Ile ya tatu huachwa hadi jioni ya mwisho kabla ya kukabidhi, ikamalizwa kwa fomu 20 walizojaziwa na marafiki kwenye ngazi za chuo. Kisha inaandikwa kwamba asilimia 80 ya watazamaji waliipenda trela. Asilimia 80 ya watu 20 ni watu 16, na kati ya hao 16 pengine watano wanaonekana ndani ya trela yenyewe.

Kibera inajua jambo moja kuhusu takwimu za namna hiyo. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba mtaa huo una watu milioni moja, wengine wakapandisha hadi zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ilipata watu 170,070. Tarakimu kubwa ilikuwa imezoeleka kwa sababu ilipendeza kutajwa, hasa na waliokuwa wakiomba fedha.

Hata hivyo, kazi za filamu za wanafunzi zitaongezeka. Mtaala mpya wa Kenya umefikisha wanafunzi wa kwanza Gredi ya 10 mwaka 2026, na mkondo wa sanaa una somo la maigizo na filamu. Tamasha la kitaifa la drama la shule nalo lina mashindano ya filamu. Katika Kibera kwenyewe, shirika la Hot Sun lilianzisha shule ya filamu mwaka 2009, likawafundisha vijana wa mtaani kuandika, kuongoza, kunasa sauti na kuhariri. Upande wa Kawangware na Dagoretti, mradi wa AMREF uliwapa kamera watoto waliokuwa wakiishi mitaani tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Kwa hiyo asije mwanafunzi akashuka Laini Saba kule Kibera au Gatina kule Kawangware akidhani anawaonyesha watu kamera kwa mara ya kwanza. Watu wa filamu ya The Constant Gardener walipiga picha Kibera na filamu ikatoka mwaka 2005. Mwaka 2006 ikaja Kibera Kid ya Nathan Collett, filamu fupi ya kijana aliyekuwa amesomea filamu Chuo Kikuu cha Southern California, ikachezwa na watoto wa mtaa. Mwaka 2010 zikaja mbili kwa mkupuo: Togetherness Supreme na Soul Boy. Mwaka 2011 likaanza Slum Film Festival, tamasha lililotandaza pazia jeupe uwanjani Kibera na Mathare, watu wakatazama wamesimama. Mtaa ambao umeona hayo yote hauulizi kamera ni nini. Unauliza: na sisi tunapata nini?

Katika hizo, Soul Boy ndiyo inayokaribia sana filamu ya kutisha, na wanafunzi wangefanya vyema kuitazama kwa makini. Iliongozwa na Hawa Essuman, mswada ukaandikwa na Billy Kahora, na urefu wake ni kama saa moja tu. Kijana anayeitwa Abila anaamka na kumkuta baba yake amekaa kama gogo, akidai roho yake imechukuliwa. Abila anaitafuta roho hiyo katika vichochoro vya Kibera, anakutana na pepo anayeitwa Nyawawa, na anapewa kazi saba za kutimiza kabla ya muda kwisha. Huko Rotterdam, Uholanzi, filamu ilipata tuzo ya Dioraphte mwaka huo wa 2010, tuzo inayotokana na kura za watazamaji. Yaani ni maoni ya watazamaji yaliyohesabiwa na kufungwa utepe.

Lakini ni watazamaji gani? Mholanzi aliyepiga kura pengine alimwona Nyawawa kama kiumbe wa hadithi za watoto. Katika Gatwekera au Kisumu Ndogo huko Kibera, ambako familia nyingi zina asili ya Nyanza, Nyawawa ni habari nyingine. Ni pepo wanaopita jioni na upepo, na kando ya ziwa watu hutoka nje wakagonga sufuria, mifuniko na mabati kuwasindikiza warudi majini. Mtoto aliyewahi kushikishwa kifuniko na bibi yake na kuambiwa agonge kwa nguvu hahitaji muziki wa fidla kumwambia aogope. Sauti ya kijiko juu ya sufuria inatosha. Ukimweka benchi moja na jirani aliyekulia Kisii, au Mnubi wa Makina, au Mluhya wa Kawangware anayewajua wale wanaokimbia usiku wakirusha mawe juu ya paa, utapata hofu nne tofauti kwa trela moja. Fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye mistari miwili ya kujaza, haiwezi kuzinasa.

Bango nalo lina mitego yake. Mwanafunzi aliyetazama filamu nyingi za Marekani huchora msalaba uliopinduliwa, namba 666 na nyoka, akidhani ametengeneza kitu cha kusisimua. Nchini Kenya alama hizo zina historia ya serikali. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ikakabidhiwa mwaka uliofuata, ikatolewa hadharani mwaka 1999. Kizazi kizima kilisoma shule kikiogopa kuingizwa kwenye kundi bila kujua, kupitia zawadi, saa au wimbo. Bango lenye 666 likibandikwa jirani na kanisa la mabati huko Kongo, Kawangware, halitaulizwa kama linatangaza filamu vizuri. Litachanwa. Na kuchanwa huko nako ni maoni ya watazamaji, tena ya haraka sana, ingawa hakuna kisanduku cha kukitia alama.

Upo mtego mwingine usiostahili kujaribiwa hata kidogo. Wanafunzi wote wa filamu za kutisha husimuliwa habari za The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliosoma filamu Florida, waliitangaza kwa tovuti iliyodai kwamba vijana watatu walipotea kweli msituni, wakagawa matangazo ya kutafuta waliopotea. Filamu iliyopigwa kwa makumi ya maelfu ya dola iliingiza zaidi ya milioni 240. Ni mfano mzuri wa ujanja, na ni mfano mbaya kwa Nairobi. Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imerekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni mwaka huo. Karatasi yenye picha ya kijana na maneno "ametoweka" ikibandikwa kwenye nguzo ya stima huko Olympic, Kibera, kuna mama atakayesimama kuisoma kwa sababu zake mwenyewe. Mwalimu yeyote anapaswa kuikataza mbinu hiyo siku ya kwanza ya mradi.

Turudi kwenye fomu, maana ndiyo ugonjwa mkubwa. Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyofanyiwa utafiti mwingi mno. Wakazi wameulizwa kuhusu choo, maji, ukimwi, kura, kuku na ndoto zao. Mkazi wa Lindi, Kibera, anayemwona kijana na kalamu na karatasi tayari ana majibu yake. Atasema ni nzuri. Atasema imeweza. Atauliza kama kuna soda. Hadanganyi kwa ubaya. Anamsaidia kijana wa watu amalize kazi aende nyumbani, na utu wa kwetu haumruhusu mtu kumwambia mgeni usoni kwamba alichotengeneza kinachosha. Mwanafunzi anaondoka na fomu zilizojaa sifa, trela yake ikiwa na sekunde 40 za majina kabla hata mtu hajatokea kwenye kioo.

Benchi la kibanda halina adabu hiyo. Trela ikichosha, simu zinatoka mifukoni, na mwanga wake unaonekana gizani kama vimulimuli. Mtu mmoja anaanza mazungumzo ya mechi. Mwingine anapaza sauti kwamba huyo dada akiingia kwenye hiyo nyumba ni mjinga, asiingie. Huyo wa mwisho ni ushindi, kwa sababu anayemkanya mhusika amekwisha kuamini. Mwanafunzi aliyesimama nyuma karibu na pazia, akiwatazama watu badala ya kutazama kazi yake, anaweza kuandika sekunde ambayo simu ya kwanza iliwaka na sekunde ambayo maneno yalikatika. Daftari hilo lina thamani kuliko fomu 200.

Kicheko ndicho kinachowachanganya wengi. Filamu ya kutisha inachekwa sana Nairobi, na vijana hufa moyo wakisikia. Lakini viko vicheko viwili. Cha woga huja baada ya mshtuko, kifupi, na mtu humgeukia jirani, humshika bega, kisha hurudisha macho kwenye kioo haraka. Cha dharau hurefuka, kinazaa utani, na macho hayarudi. Huwezi kuvitofautisha kwa kuuliza, maana aliyeogopa ndiye wa kwanza kuapa kwamba hakuogopa, hasa kama ni mwanamume na rafiki zake wako pembeni.

Inasimuliwa kwamba Paranormal Activity ya Oren Peli, iliyopigwa nyumbani kwake kwa takriban dola 15,000, ilipoonyeshwa kwa majaribio watu walianza kutoka ukumbini. Wakuu wa kampuni ya filamu wakadhani imewachosha. Kumbe walikuwa wanaogopa. Filamu ilipoingia sokoni mwaka 2009, trela yake ilionyesha watazamaji wenyewe wakiruka na kufunika nyuso gizani, na watu wakaombwa wapige kura kudai iletwe mjini kwao. Maombi yakapita milioni moja. Maoni ya watazamaji yakageuka kuwa tangazo. Mwanafunzi wa Kenya anaweza kuiga, ila akumbuke Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: kupiga picha nyuso za watu na kuzisambaza kunahitaji ridhaa yao, na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Gizani si mahali pa kumvizia mtu akiwa amekunja uso.

Lipo pia suala la sauti, ambalo shuleni halifundishwi kwa sababu shule ina dari. Trela nyingi za kutisha hutegemea kunong'ona, mlango kulia polepole, pumzi. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hayo yote yanakufa. Hata bila mvua, kibanda kinapakana na fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi mwenye redio na barabara ya matatu za njia namba 46. Aliyehariri kwa vipokea sauti masikioni hajui trela yake inasikikaje Kawangware. Akiipeleka atagundua kwamba kinachotisha pale ni kimya cha ghafla cha spika, pale kelele zote za filamu zinapokatwa na mtu anabaki akisikia mtaa wake mwenyewe nje ya pazia. Huo ni ugunduzi wa bei rahisi na hautatoka kwenye mtandao.

Kuhusu mtandao: ni kweli kwamba vijana wengi wataiona trela kwenye simu kabla ya kwingine kote. Ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka Kenya juu kabisa kati ya nchi zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54. Ila uchunguzi huo uliwahoji watu wanaotumia intaneti na kujua Kiingereza. Shabiki wa benchi la nyuma huko Soweto, Kibera, anayenunua bando la shilingi 20 na kulitunza kama dawa, hakuwa ndani ya hesabu.

Na shabiki huyo amezoea filamu inayozungumza naye. DJ Afro amesimulia muvi za kigeni kwa Kiswahili na Sheng kwa zaidi ya miaka 20, akiwapa wahusika majina mapya, akiwasuta, akieleza kinachokuja kabla hakijaja. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo na wenzake. Mwongozaji Likarion Wainaina aliijua nguvu hiyo: katika filamu yake Supa Modo ya mwaka 2018 aliweka kibanda cha kijiji na msimulizi wake katikati ya hadithi. Wasomi wengine huwaona wasimulizi hawa kama waharibifu wa filamu za watu. Hapa wanaonekana kama wahakiki wakali kuliko wote. Mwanafunzi amkabidhi msimulizi wa kibanda trela yake aisimulie mara moja tu, kisha aandike kila neno aliloongeza. Pale aliposema "sasa huyu ni dada yake yule wa kwanza," trela haikueleweka. Pale alipotaja jina la kichochoro cha karibu, aliona filamu inaelea hewani na akaishusha chini. Pale aliponyamaza mwenyewe, hapo pasiguswe na mtu yeyote katika uhariri. Hata kidogo.

Mwenye kibanda naye asipitwe. Yeye ndiye anayejua ni bango gani linalojaza benchi na lipi linalofukuza watu, kwa kuwa kodi ya chumba inatoka humo. Kumwonyesha bango kwa sekunde tano, kuligeuza, na kumwuliza filamu inahusu nini ni jaribio la dakika moja. Akisema "hii ni ya kanisa" au "hii ni tangazo la dawa ya mende," bango lirudi mezani. Atauliza pia kama kuna karatasi ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na ana haki: sheria ya Kenya inaipa bodi hiyo kazi ya kuangalia filamu na mabango yake pia, na mwenye leseni ndiye atakayebanwa, mwanafunzi akiwa amesharudi hosteli. Filamu ya kutisha iliyopewa kiwango cha 16 au 18 haionyeshwi saa ya watoto, ambao kila mtu anajua huwa wanachungulia kwenye matundu ya mabati.

Tatizo linabaki kwamba ukiwaalika watu waje kutazama kazi yako bure, umewageuza tena kuwa wageni wenye adabu. Njia iliyo nyofu ni kutowaalika. Trela ichezwe dakika mbili kabla ya muvi ambayo watu wamekwisha kuilipia, bila utangulizi, bila mwanafunzi kusimama mbele kujieleza. Waliolipa shilingi 20 zao kuona kitu kingine hawana deni la heshima kwa mtu yeyote. Muvi ikiisha na watu wakianza kutoka, mtu mmoja aulizwe swali moja tu, kwa lugha anayoitumia nyumbani: ile ndogo ya mwanzo ilihusu nini? Akikumbuka na kuisimulia kwa mikono, trela imefanya kazi. Akiuliza "ipi?", mwanafunzi ana wiki moja ya kurekebisha.

Kisha arudi. Hili ndilo lililowachosha wakazi wa mitaa hii miwili: watu huja kuchukua maoni na hawaonekani tena. Kikundi kitakachorudi kwenye benchi lile lile na trela iliyokatwa upya, majina yakiwa yamehamishiwa mwisho na kunong'ona kukiwa kumeondolewa, kitakuta watu wanaikumbuka ya kwanza na wanajua walichokibadilisha. Mwenye kibanda aambiwe mapema, alipwe kwa dakika zake, na siku ichaguliwe kwa kuangalia ratiba ya mpira. Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa ziachwe kabisa.